Muulize Fundi: Koti la Kitaliano, sindano ya Romania

Mwezi uliopita niliandika, kwa kupitia tu, kwamba lebo ya nchi iliyo shingoni mwa nguo haikuambii nguo ilizaliwa wapi, inakuambia ilimalizikia wapi. Sikujua nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika kushinda hata mwezi ule wa zipu. Nimechagua tano.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga. Kabla ya kurudi nyumbani nilikaa miaka 11 kwenye viwanda vya nguo vya Athi River, Kenya, sita ya mwisho nikiwa mkaguzi wa ubora, yule mtu ambaye mshonaji akimwona anakuja hujifanya anatafuta mkasi.

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni kijana wa bodaboda hapa Njombe, na baridi yetu unaijua. Mwezi wa sita nilinunua mnadani jaketi la manyoya ya bata, jina Moncler, kwa shilingi 65,000. Wenzangu wa kijiweni wamelikagua ndani wakakuta limeandikwa "Made in Romania". Wanasema Moncler ni ya Italia, kwa hiyo hili ni feki, na sasa wananiita Mromania. Nimepigwa?

Marahaba, mwanangu. Jaketi sijalishika, kwa hiyo siwezi kukuapia. Ila neno Romania si ushahidi wa ufeki, na wenzako wamekosea mara mbili. Moncler haikuzaliwa Italia. Ilianzishwa Ufaransa mwaka 1952, milimani karibu na Grenoble, ikishona mifuko ya kulalia na mahema. Waitaliano waliichukua baadaye na makao makuu yakawa Milan. Na majaketi yake mengi hushonwa Romania kweli, tena kampuni ina kiwanda chake yenyewe katika mji wa Bacău. Wala hawafichi.

Kwa nini Romania? Serikali ya kikomunisti ilijenga huko viwanda vikubwa vya nguo. Ilipoanguka mwaka 1989, wakabaki wanawake wengi wanaojua kushona na hawana oda. Waitaliano nao walikuwa na oda, na mishahara ya kwao imeshapanda. Ukashamiri utaratibu ambao Waromania wanauita *lohn*: kitambaa kinakatwa Italia, kinapakiwa kwenye lori pamoja na zipu na vifungo vyake, kinashonwa Romania, kinarudi. Lori linatumia siku mbili hivi. Tangu 2007 Romania imo ndani ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo mpakani hakuna wa kuliuliza limebeba nini. Mshahara mdogo, njia fupi, na hakuna forodha: chapa nyingi za bei mbaya zinataka hayo matatu kwa pamoja, si la kwanza peke yake.

Halafu kuna kazi yenyewe. Jaketi la manyoya usilione hivi. Kila kile "kichumba" unachokiona kimejazwa manyoya yaliyopimwa kwenye mizani, kisha kikafungwa kwa mshono. Ukitumia sindano nene, kila tundu linakuwa mlango na manyoya yanatoka mmoja mmoja mpaka mwenye jaketi anaonekana ametoka kunyonyoa kuku. Mshonaji akishaijua kazi hiyo, mwenye oda hamwachi kwa sababu ya kupunguza senti kidogo kwingine.

Sasa lebo. Marekani inalazimisha nguo iandikwe nchi ilikotengenezwa. Umoja wa Ulaya haulazimishi. Unalazimisha nyuzi tu, pamba asilimia ngapi na sufu asilimia ngapi. Lakini ukiamua kuandika nchi, usidanganye, na nchi yenyewe ni ile ambako bidhaa ilifanyiwa badiliko kubwa la mwisho. Kwa nguo iliyoshonwa, kwa kawaida ni pale vipande vilipounganishwa vikawa nguo. Kwa hiyo kitambaa kinaweza kutoka Japani, manyoya kwingine, zipu kwingine, mchoro Milan, na jaketi likaitwa la Romania kwa haki kabisa. Kinyume chake pia kipo: sehemu ya juu ya kiatu inashonwa Albania, inaunganishwa na soli Italia, kiatu kinaitwa Mtaliano. Waitaliano wenyewe iliwakera, wakatunga sheria mwaka 2009 kwamba anayetaka kuandika kuwa bidhaa ni ya Italia kwa asilimia 100 sharti aibuni, aitengeneze na kuifungasha hukohuko. Ndiyo maana ukiona lebo imetaja hiyo asilimia, ujue haikuwekwa kwa urembo.

Achana na jina la nchi, kagua mishono. Pitisha kidole juu ya vile vichumba: mishono ipishane vizuri pembeni, uzi usiwe na mafundo, na kitambaa ukikikunja kisitoe manyoya. Zipu ishuke kwa kidole kimoja. Ikipita hapo, hata kama ni feki, umepata jaketi la 65,000.

Mama Fundi, mimi ni binti wa Changamwe, Mombasa, nimesomea ubunifu wa mavazi. Swali langu lina hasira kidogo, nisamehe. Kama hawa wakubwa wanatafuta gharama nafuu, sisi mishahara yetu iko chini kuliko Romania, sembuse Italia. Pamba inalimwa hapa, bandari tunayo, vijana wa kushona tunao. Mbona Gucci na Hermès hawaji? Ni dharau tu?

Dharau ipo, sitakudanganya. Lakini ingekuwa dharau peke yake ningekujibu kwa mistari miwili. Kubwa ni hili: chapa kama hizo hazitafuti nchi, zinatafuta mtaa.

Nianze na kwetu Athi River. Mwaka 2009 tulikuwa na oda ya suruali za kike 14,000 za kwenda Marekani. Kitambaa kilikuja kwa meli, uzi kwa meli, vifungo kwa meli, hata ile karatasi ya lebo ilikuja kwa meli. Zipu zilipofunguliwa zikakutwa za buluu nyepesi badala ya buluu ya usiku. Hapakuwa na mtu Nairobi, wala Mombasa, wala Dar, wa kutupa zipu 14,000 za rangi ile. Laini ya watu 60 ikakaa siku tisa. Wengine walifagia, wengine walirudishwa nyumbani bila malipo, na zipu mpya zikaja kwa ndege, faida yote ikaishia angani. Kilichokuwa chetu pale ni mikono na umeme, na umeme wenyewe siku nyingine haukuwa wetu.

Sasa kwa nini kiwanda kilikuwepo pale? Kwa sababu ya ushuru. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inayoitwa AGOA iliruhusu nguo zilizoshonwa Kenya ziingie kwao bila kutozwa, hata kama kitambaa kimetoka Asia. Suruali ya pamba ikitoka kwingine wakati ule ilitozwa karibu asilimia 17. Kwa suruali ya dola kumi, hiyo asilimia ndiyo maisha. Mwenye oda ya namna hiyo anahesabu dakika za mshonaji na ushuru wa bandarini, basi. Ukiondoa msamaha huo wa ushuru naye anaondoka. Ethiopia iliyaona hayo. Kampuni ya PVH, wenye Calvin Klein na Tommy Hilfiger, ilikuwa na kiwanda kwenye eneo la viwanda la Hawassa lililofunguliwa 2016. Vita vikaanza, Marekani ikatangaza kuiondoa nchi kwenye AGOA, na PVH ikafunga kiwanda Novemba 2021, kabla hata tarehe yenyewe haijafika.

Mwenye mkoba wa euro 2,000 hesabu yake ni nyingine. Ujira wa kushona ni kipande kidogo sana cha bei ya dukani, kwa hiyo kuhama nchi kufuata ujira mdogo zaidi hakumwongezei kitu kikubwa. Kinachomuumiza ni kuchelewa na kukosea. Oda yake si 14,000, ni 300, halafu mbunifu anaamka Jumanne anataka bizimu nyingine, kile chuma cha kufungia mkanda, kwa onyesho la Ijumaa. Kazi hiyo utaifanyaje kama bizimu inakuja na meli?

Hili nililiona kwa macho. Mwaka 2018 binti yangu, aliyeolewa Italia, alijifungua, nikaenda kumtunza mzazi siku 40. Anakaa Scandicci, pembeni mwa Florence. Chini ya nyumba yao kuna mzee ana chumba kimoja, na kazi yake ni kupaka rangi kingo za ngozi. Hakati ngozi, hashoni. Asubuhi kijana analeta kwa pikipiki sanduku la mikanda ya mikoba. Mzee anapaka ukingo, anakausha, anapiga msasa, anapaka tena, mara nne au tano, mpaka ukingo unateleza kama ganda la embe. Alasiri kijana anarudi, anapeleka mikanda kwa mshonaji, mitaa miwili kutoka pale. Mwingine jirani anatengeneza vyuma tu. Ngozi inatoka Santa Croce sull'Arno, mji wa viwanda vya ngozi, chini ya saa moja kwa gari. Gucci, iliyozaliwa hapo Florence mwaka 1921, ilipojenga karakana yake kubwa ya kubuni na kujaribu mikoba na viatu mwaka 2018, iliijenga wapi? Scandicci. Nilikuwa nimempakata mjukuu dirishani, nahesabu zile pikipiki, nikazikumbuka zipu zetu za buluu nyepesi. Nilitamani kulia.

Kila kazi huko ina mtaa wake. Suti ina Biella, chini ya Alps, kwa sababu maji ya milimani pale ni laini, hayana chokaa, na sufu ikioshwa nayo haikakamai. Kiwanda cha Vitale Barberis Canonico kina hati ya mwaka 1663. Zegna ilianza upande huohuo 1910. Hariri ina Como. Viwavi hawafugwi tena Como, uzi mbichi unatoka China, lakini kuchapa na kumalizia hariri wanakujua wao, kwa hiyo uzi ndio unaosafiri kumfuata fundi. Hermès, walioanza 1837 kwa kushona hatamu za farasi, mikoba yao ya ngozi inashonwa Ufaransa. Mkoba mmoja fundi mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Wakihitaji mikoba zaidi hawahami nchi. Wanafungua karakana nyingine mkoa mwingine wa Ufaransa, mara nyingi pale ambapo viwanda vya zamani vimefungwa na watu wamebaki na mikono isiyo na kazi, kisha wanawafundisha kwa mwaka na zaidi kabla ya kuwakabidhi ngozi ya bei mbaya.

Ukitaka kuona mtu mwenye fedha zote akishindwa kuununua mtaa, tazama Texas. Louis Vuitton, chapa ya mikoba ya Kifaransa, walifungua karakana huko Oktoba 2019, rais Trump mwenyewe akaja na mkasi kukata utepe pamoja na Bernard Arnault, mwenye kampuni. Sababu zilikuwa na akili: Marekani ni soko kubwa, na ukitengeneza ndani unaukwepa ushuru. Aprili 2025 shirika la habari la Reuters, likiwanukuu watu waliowahi kufanya kazi pale, liliripoti kwamba makosa ya kukata na kuunganisha yaliharibu hadi asilimia 40 ya ngozi. Mimi nilikuwa nikiona kitambaa cha fulana kinaharibika asilimia tano napandwa na presha! Mashine zilikuwa zilezile, ngozi ileile. Mzee wa kupaka kingo ndiye hakuwepo.

Sasa nirudi kwako, maana umesema pamba tunayo. Mwaka 2010 na kuendelea, mpango wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa, kile cha Umoja wa Mataifa, uliwaleta mbunifu wa Uingereza Vivienne Westwood na wengine kutengeneza mikoba Nairobi. Hawakuja na kontena la vifaa. Walitumia turubai kuukuu, mabango ya barabarani yaliyokwisha kazi, na shaba nyeupe iliyoyeyushwa Kibera kutokana na makufuli na mabomba mabovu. Yaani walitazama mtaa uliopo una nini, wakabuni mkoba unaotokana na huo. Mikoba ile ilipendwa, ikauzwa London. Haikuwa mingi, na haikutuletea Gucci, lakini ndiyo kazi pekee ya namna hiyo niliyowahi kuiona Kenya ambayo haikuwa inangoja meli.

Kwa hiyo ukitaka kupigana, binti yangu, usipigane na Gucci. Tafuta Mombasa nzima ni nani anayetia rangi ngozi, nani anayefua shaba, nani anayekata vifungo vya pembe au vya vifuu, na mko umbali gani kwa tuktuk. Nimewahi kuwaona wakata vifuu wa pwani hii. Wanauza vijiko.

Assalaam alaykum Bi Fundi. Mimi mwenyeji wa Pemba, nipo Maskati mwaka wa nane. Wifi yangu kanunua mkoba wa Dior na nyumba nzima haikukalika. Mimi nikamwambia nimesoma kwamba mkoba wa euro 2,600 alioutengeneza kalipwa euro 53. Akaniambia nna choyo. Nani mkweli?

Waalaykum salaam. Mkweli ni wewe, lakini kwa nusu, na hiyo nusu nyingine wifi yako atakushika nayo.

Juni 2024 mahakama ya Milan iliiweka kampuni moja ya Dior ya Italia chini ya usimamizi wa mahakama. Wachunguzi walikuwa wameingia kwenye karakana za Wachina pembezoni mwa Milan, zilizokuwa zikishona mikoba ya Dior kwa kupewa kazi na mwingine. Walikuta watu wanalala palepale wanapofanya kazi, na mashine zimeondolewa vikinga vyake ili ziende mbio. Kilichonishangaza mimi ni jinsi walivyojua kuhusu usiku: walisoma matumizi ya umeme, wakaona mita hailali, wala sikukuu haiijui. Zile euro 53 ni kweli zimo kwenye nyaraka za kesi, kwa mkoba uliouzwa 2,600. Lakini hapo hapana ngozi. Ngozi na vifaa vingine ni hesabu nyingine, halafu duka, matangazo, kodi na kila kitu. Kwa hiyo usimwambie wifi yako kwamba mkoba wote umegharimu 53; sema aliyeushona ndiye aliyelipwa hizo. Miezi miwili kabla, kampuni ya Armani ilipitia mahakama hiyohiyo: mkoba ulilipiwa euro 93 karakana ya Kichina, ukauzwa kwa Armani 250, dukani 1,800. Chapa zenyewe hazikushtakiwa kwa jinai. Mahakama ilisema zilizembea kuwasimamia wanaowapa kazi, na mapema mwaka 2025 usimamizi huo ukaondolewa kwa zote mbili baada ya kurekebisha mambo.

Utauliza, kama wanataka bei ya namna hiyo si waende China kwenyewe? Hapo ndipo ulipo ujanja wote. Wakienda China lebo inabadilika, na lebo ndiyo inayouza. Kwa hiyo ikawa rahisi kumpata mshonaji wa bei ya mbali anayekaa karibu. Kwenye mji wa Prato, ambao ni mji wa kale wa vitambaa karibu na Florence, karakana za Wachina zilikuwa zimeshazoeleka muda mrefu, nyingi zikishona nguo za bei ndogo. Desemba 1, 2013 moja iliungua, wakafa Wachina saba waliokuwa wakilala humohumo ndani, na madirisha yana nondo. Nguo zilizotoka mjini mule zilikuwa za Italia kisheria, na aliyezishona alikuwa yuko Italia kweli, ila Italia yenyewe hakuwahi kuiona maana hakutoka nje.

Na si Wachina peke yao. Darizi nyingi unazoziona kwenye magauni ya Paris, zile shanga na nyuzi za dhahabu, zinafanywa Mumbai. Kitambaa kinadariziwa India, kinarudi Ufaransa au Italia, kinashonwa gauni, gauni linapata lebo ya Ulaya. Kwa miaka mingi hawakutajwa. Machi 2023 Dior walifanya onyesho lao Mumbai, mbele ya lile lango kubwa la baharini, wakaitaja waziwazi karakana ya Chanakya iliyowadarizia. Sisi watu wa pwani hatukuhitaji kuambiwa. Aliyewahi kuinamia kofia ya vito miezi mitatu anajua mkono wa darizi hauigiziki kwa mashine, na anajua pia aliyeidarizi kofia huwa hatajwi na aliyeivaa.

Mkoba wa wifi yako huenda umeshonwa na fundi wa haki, kwenye karakana yenye madirisha, na kalipwa vizuri. Zipo nyingi za namna hiyo, nimeziona. Kwa lebo peke yake hawezi kujua, wala wewe huwezi. Mwombeeni heri, mle halua.

Jambo Mama. Sisi wa Lubumbashi tunaona mambo ya sape, ule utamaduni wa kuvaa kwa madaha, tangu utoto. Baba mkubwa alikuwa anavua kiatu anaonyesha soli kwanza, mguu baadaye. Ametuachia Weston moja, iko nzima mpaka leo. Sababu gani hao hawakuhamia Asia kama wengine?

Jambo mwanangu, na baba mkubwa apumzike, alijua kitu anachokionyesha. J.M. Weston imeshona viatu Limoges, Ufaransa, tangu 1891. Jibu la swali lako liko kwenye hiyo soli. Ngozi ya soli inatoka kwenye kiwanda chao cha Bastin, kule Saint-Léonard-de-Noblat, kilomita 20 hivi kutoka kiwanda cha viatu. Inalowekwa kwenye mashimo pamoja na magome ya mwaloni yaliyosagwa, inakaa humo taratibu, na kazi nzima inachukua karibu mwaka. Mtu mwenye mashimo ya namna hiyo hawezi kuyafunga kwenye sanduku akahamia Vietnam. Amefungwa na maji yake na magome yake na watu wanaojua lini ngozi imeiva.

Halafu kuna nyinyi. Wasapeur wa Brazzaville na Kinshasa wameibeba Weston midomoni na miguuni miaka na miaka, na mtu anayevua kiatu kuonyesha soli humuuzii soli ya kubahatisha. Ipakwe nta, isikae karibu na jiko, na ikilowa iwekwe karatasi ndani ikauke kivulini. Soli ikiisha, ishonewe nyingine. Kiatu kile kilitengenezwa kifunguliwe.

Mama Fundi shikamoo. Nina duka la suti za harusi Mwanza. Mjini kuna mtu anauza roli za lebo za "Made in Italy", lebo 500 kwa bei ya soda chache. Wateja wanazipenda. Kitambaa changu kingine kweli ni cha Italia. Nishonee?

Marahaba. Usishonee. Umesoma barua ya kijana wa Njombe hapo juu: kinachohesabiwa ni pale vipande vilipounganishwa vikawa nguo, na vyako vimeunganishwa Mwanza. Siku bwana harusi akikutana na mtu anayejua, aibu atakuletea wewe, si muuza roli.

Kama kitambaa ni cha Biella kweli, tazama ukingo wake. Viwanda vizuri vya kule husuka jina lao ukingoni mwa kitambaa, urefu wote. Ukikata suti, ule ukingo usiutupe. Chukua kipande cha sentimita 10, kishonee ndani ya mfuko wa koti juu ya bitana, na chini yake weka lebo yako mwenyewe: jina la duka, Mwanza, na namba ya simu. Mimi nafanya hivyo tangu 2015. Wateja watatu walinipigia baada ya kunenepa, nikawaachia mishono ya kiuno, kila mmoja akaagiza na suruali ya pili.

Lebo za kusuka zenye jina lako zinapatikana Kariakoo, lakini agiza herufi kubwa. Zangu za kwanza zilikuja ndogo mno, Tanga ikasomeka Tonga.